Mama mkwe anatoka Tabora, tuna Jumamosi moja tu: Ujiji niipangeje?

Baba wa Watatu:

Wakuu habari za mchana. Niko Kigoma mwaka wa pili sasa, nilihamishiwa kikazi, naishi huku juu Mwanga, na aibu ninayo ila ngoja niseme ukweli, Ujiji nimepita mara nyingi kwa mambo ya kazi lakini kutembea kama kutembea sijawahi. Sasa mama mkwe anakuja na treni kutoka Tabora, mara yake ya kwanza kufika mwisho wa reli, na hata tiketi hajakata keshamwambia wife kwenye simu kwamba anataka kupaona "pale mzungu alipomkuta mwenzie" (Stanley alipomkuta Livingstone, wale wasafiri wa kizungu wa zamani), maana akiwa shule ya msingi alichapwa fimbo kwa kushindwa kutaja jina la huo mji. Hiyo ni miaka ya sitini huko lakini fimbo bado anaikumbuka, na jina la mwalimu pia.

Kikosi ni hiki: mimi, wife, mama (sabini na mbili, kichwa kizima, magoti ndo yanamsumbua), binti wa 13 ambaye yeye na simu ni pete na kidole, wa kiume 9 anayeuliza maswali mpaka unajuta kumzaa, na kitinda mimba wa miaka 4 anayelala popote saa saba ikigonga.

Ratiba niliyoandika ilikuwa hivi: saa kumi na mbili asubuhi Kibirizi tupande boti twende Gombe kuona sokwe, saa sita tuwe Ujiji, saa tisa ufukwe wa Jakobsen watoto waogelee, jioni tupite stesheni ya Mjerumani tupige picha alafu bandarini kuiangalia meli ya Liemba. Wife aliisoma akacheka mpaka akakaa chini. Hajaniambia kinachochekesha ni nini.

Naombeni ushauri. Kipi kibaki kipi kitoke? Chakula tubebe au tule huko? Na usafiri pia, nilifikiria bajaji mbili ila hapo kuna jambo, watoto hawatakubali kuachana na bibi yao na mimi lazima nikae na watoto, kwahiyo mwisho wa siku nitajikuta nimebanana na mama kwenye siti moja, na nyie mnajua mkwe na mkwe hawabanani. Nawasilisha.

---

Mjukuu wa Ujiji:

Mkuu pole na hongera. Pole ya ratiba, hongera ya mkwe.

Mi nimezaliwa Ujiji, nimekulia Ujiji, ngoja nikunyooshee. Kutoka hapo Mwanga mpaka Ujiji ni pua na mdomo, hata daladala inakufikisha kabla mtoto hajauliza "tumefika?". Umbali sio shida. Shida yako ni saa. Watu mliotoka pwani huwa hamuelewi kwamba saa ya ukutani ya Kigoma na jua la Kigoma ni vitu viwili tofauti, sisi tuko magharibi kabisa ila tunatumia saa moja na Dar, kwahiyo saa kumi na mbili asubuhi huku bado giza, jua la utosi linakuja saa saba sio saa sita, na kuzama linazama karibu saa moja ya jioni. Sasa wewe unataka kumtembeza mama wa miaka sabini na mbili saa sita mpaka saa tisa, yaani umechagua tanuri kabisa. Kipindi hiki cha kiangazi na vumbi lile jekundu la mitaani mtarudi mmefanana wote.

Fanya hivi: toka nyumbani saa mbili na nusu, saa tatu uwe kwa Livingstone. Ndo panavyoitwa, ukimwambia mtu yeyote "kwa Livingstone" anakuelekeza. Asubuhi pana kivuli, pametulia, mhudumu hajachoka kusimulia. Kiingilio kipo na cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, beba kitambulisho na chenji.

Utakuta mnara wa kumbukumbu uliojengwa 1927 na miembe. Sasa hapa waambie watoto ukweli mapema wasije wakadanganyana shuleni, mwembe wenyewe ulishakufa zamani, hii iliyopo inasemekana ni vipandikizi vya ule wa kwanza, yaani ni watoto wake. Ndani kuna picha za kuchora, na masanamu mawili ukubwa wa mtu, Livingstone na Stanley wananyanyuliana kofia. Dogo wa miaka minne muandae kisaikolojia, mdogo wangu aliyaona akalia mpaka tukatoka nje.

Alafu usiwasomee watoto kibao tu, wasimulie. Livingstone hapo Ujiji hakuwa kwenye utalii. Alikuwa ametoka Nyangwe huko Kongo ambako Julai 1871 aliona watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake, amerudi mgonjwa, amefika Ujiji anakuta mali zake alizotumiwa zimeuzwa zote na aliyekabidhiwa. Mzee hana kitu, anaishi kwa huruma za watu. Ndo Stanley anatokea, katumwa na gazeti la New York Herald, anaingia na bendera ya Marekani mbele na bunduki zinapigwa hewani ili mji ujue kuna msafara. Na mtu wa kwanza kumsalimia Stanley sio Livingstone. Ni Susi, mtumishi wake Livingstone, alijipenyeza kwenye umati akamwambia good morning sir. Stanley akashtuka, katikati ya Ujiji mtu mweusi anamsalimia kiingereza. Watoto wanaipenda hiyo kuliko ile sentensi maarufu ya "Dokta Livingstone, nadhani?".

Ukitoka hapo kama saa tano shuka mwaloni, pale ufukweni maboti yanapotia nanga, taratibu. Zamani maji yalikuwa karibu zaidi na pale mnarani, ziwa likaondoka, alafu kuanzia 2020 hivi likaanza kupanda tena na sehemu zilizokuwa mchanga zikamezwa, ziwa hili lina tabia zake. Huko mwaloni kuna mafundi wanaunda maboti ya mbao, hakuna kiingilio, ni salamu tu na adabu. Mi naona hapo ndo Ujiji yenyewe ilipo kuliko hata makumbusho, ila hayo ni yangu.

Usafiri: kodi Noah. Mama akae mbele na dereva. Tatizo la kubanana limeisha.

---

Mnyamwezi wa Kwihara:

Nimesoma mpaka mwisho nikacheka peke yangu hapa Tabora. Hivi mama yetu ametokea Tabora anapanda treni usiku kucha kufuata nyumba ya Livingstone, na tembe la Livingstone liko Kwihara, mwendo wa bodaboda tu kutoka mjini?? Muulize kama ameshafika. Nabet hajafika. Sisi watu wa Tabora cha nyumbani hatukioni, hata maembe tunasubiri mgeni ayasifie.

Sitaki kuharibu safari ila muunganishie mama hiyo hadithi. Hao jamaa baada ya kukutana Ujiji walizunguka kwanza na mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa, wakakuta mto Ruzizi unaingia ziwani hautoki, maana yake habari ya kwamba mto Nile unaanzia hapo ikawa imekufa. Ndo wakatembea kwa miguu mpaka kwetu, wamefika Februari 1872, wamekaa Kwihara. Machi Stanley kaondoka kwenda pwani, Livingstone kabaki anasubiri wapagazi mpaka Agosti, akaondoka na hakurudi tena. Alikufa 1873 huko Zambia ya leo, na Susi huyohuyo na Chuma, mtumishi mwingine, na wenzao wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Wamepita nao Tabora hapahapa.

Kwahiyo mwambie mama akirudi aende Kwihara amalizie sehemu ya pili. Na aje na asali huko, asije mikono mitupu akatuaibisha mkoa.

---

Mama Pacha:

Wanaume mmeandika karne nzima na hakuna aliyetaja choo.

Mleta mada, swali la kwanza ukifika popote na mtoto wa miaka minne na mama mwenye magoti ni choo kiko wapi na ni cha aina gani. Cha kuchuchumaa mama hawezi, au ataweza kushuka na kupanda itakuwa mtihani. Hakikisha ameenda nyumbani kabla hamjatoka na mke wako awe na tishu na chupa ya maji ya ziada kwenye mkoba. Mi nilienda na mama yangu mzazi tukahangaika mpaka tukabisha hodi kwenye nyumba ya watu, na watu wa Ujiji Mungu awabariki, tulikaribishwa, tukapewa na maji ya kunywa, mama akakaa hapo nusu saa anapiga stori na bibi wa pale kuliko alivyokaa makumbusho.

Bebeni mkeka, maji ya kutosha, kofia za watoto, na chapati au maandazi ya kuzuia njaa ya saa nne. Chakula cha mchana msibebe jamani. Utabebaje wali kutoka Mwanga kwenda Ujiji, mkale migebuka, samaki wa ziwa letu. Tafuta mama lishe pale karibu na soko, ugali wa muhogo, mgebuka umekaangwa au umeungwa kwa mawese, pilipili pembeni. Mdogo mtoe miba mwenyewe usimwachie dada yake mwenye simu. Alafu nyie wakwe kama mnaona aibu kula mmetazamana mama akae na wajukuu meza ile, wewe kaa na dereva meza hii, hakuna anayeshangaa, huku watu wana heshima zao.

Mavazi pia, Ujiji ni mji wa waislamu wengi na ni mji wa watu wazima, binti wa 13 asije na kikaptula cha beach. Kanga moja kwenye mkoba inatatua mambo mengi.

Na mkiagiza mawese ya kupeleka Tabora muweke kwenye dumu lenye kifuniko cha kueleweka. Nasema tu.

---

Baba wa Watatu:

Asanteni sana, wife kasoma anasema Mama Pacha aongezewe mshahara. Noah nimepata, jirani ana kijana wake. Ila naona wote mmeiruka Gombe kimyakimya. Haiwezekani kweli hata tukiamka mapema? Na Jakobsen nayo? Dogo wa 9 kaahidiwa kuogelea, nikimwambia hakuna atanikumbusha mpaka nistaafu. Na je Ujiji pale pale mwaloni hawezi kuogelea?

---

Nahodha Mstaafu:

Nimeendesha boti Kibirizi miaka mingi ngoja nijibu hili.

Gombe sahau kwa Jumamosi hiyo. Kwanza sheria, kuwafuata sokwe mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi. Sio roho mbaya, sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu, mafua ya mtoto wako yanaweza kuua familia nzima ya sokwe, na sokwe dume naye ana nguvu, mtoto mdogo kwake ni kitu kingine. Kwahiyo watoto wako wote watatu wako nje. Pili, maboti ya abiria ya kutoka Kibirizi yanaondoka mchana, yanasimama kila kijiji, mnafika jioni, na kurudi ni kesho yake asubuhi. Kwenda na kurudi siku moja lazima ukodi boti nzima, na mafuta utayalipa wewe, ukitajiwa bei hiyo ratiba utaichana mwenyewe. Tatu mwenye magoti, kule ni milima tupu, sokwe hawakai barabarani. Jane Goodall alivyofika Julai 1960 alitambaa hiyo milima miezi na miezi mpaka wakamzoea. Gombe nenda wewe na mkeo siku nyingine mlale.

Kuhusu kuogelea Ujiji mwaloni, hapana. Sio kwamba maji ya ziwa ni mabaya, hili ziwa kina chake ni mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina, maji yake ni maangavu mpaka unaogopa. Ila mwaloni ni kazini kwa watu, kuna mafuta ya mashine, kuna kamba, kuna misumari ya mafundi, na palipo na majani na konokono maji yametulia ndo kichocho kinapoishi. Jakobsen ndo pa kuogelea, maji meupe, mawe, na dogo akiwa na miwani ya kuogelea ataona vile visamaki vya rangirangi ambavyo wazungu wanavifuga kwenye matanki ya vioo, vingi vyake havipatikani popote duniani isipokuwa Tanganyika. Ila ni upande mwingine kabisa, unapita Katonga, njia ya mwisho ni vumbi na mteremko. Usiiunganishe na Ujiji siku moja, mama atakuwa kachoka. Mpeleke dogo Jumapili wewe na yeye tu, mama apumzike.

La mwisho hujauliza ila nakwambia. Kama mnataka dagaa wabichi angalia mwezi. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku na taa, dagaa wanafuata mwanga, sasa mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, watu wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Ukienda wiki ya mbalamwezi utakuta dagaa wakavu tu tena bei imechangamka. Na uliza kama ziwa liko wazi, 2024 lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, watu waliokuja na ndoo walirudi nazo.

Liemba kuiona sawa lakini usiingie bandarini unapiga picha hovyo utaulizwa maswali. Waambie watoto hadithi yake ukiwa nje. Imeundwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipandevipande ikafungwa kwenye makasha, ikasafirishwa kwa meli na reli mpaka hapa ikaunganishwa upya. Kwenye vita 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha wakiwa wameipaka grisi mashine zisioze. Waingereza wakaiibua baadae ikarudi kazini 1927.

---

Msomi wa Kahawani:

Mjukuu wa Ujiji umesimulia vizuri lakini umekwepa tarehe. Walikutana lini?

---

Mjukuu wa Ujiji:

Nilijua tu atatokea mmoja.

Kibao cha pale mnarani kinasema 10 Novemba 1871. Lakini ukiwauliza wanaochimba hizo habari watakwambia inaweza kuwa mwisho wa Oktoba, maana wote wawili hesabu ya siku iliwapotea njiani, Livingstone na yake, Stanley na yake, homa ikikulaza wiki mbili porini utajuaje leo ni tarehe ngapi. Na hata ile sentensi ya "Dokta Livingstone, nadhani?" ina utata, kwenye daftari la Stanley kurasa za siku ile zimechanwa. Nani kachana na kwanini, kila mtu na lake. Mzee mmoja jirani yetu kahawani alikuwa anasema Stanley alichana kwa sababu alichosema kweli kilikuwa "shikamoo".

---

Msomi wa Kahawani:

Hiyo ya shikamoo naichukua.

---

Baba wa Watatu:

MREJESHO wakuu. Naandika Jumatatu usiku watu wote wamelala.

Mama alifika Ijumaa na asali lita tano (Mnyamwezi wa Kwihara umesikika, na ndio, Kwihara hajawahi kufika, alivyoulizwa akabadilisha mada). Jumamosi saa mbili na nusu tulikuwa tayari wote isipokuwa mama mwenyewe, alikuwa ameenda kuwasalimia majirani mmoja mmoja mpaka nyumba ya mwisho, kwahiyo tumetoka saa tatu na robo. Noah, mama mbele, mimi siti ya nyuma kabisa na mkeka na madumu ya maji, mkwe hajaguswa.

Pale kwa Livingstone tulikuta mhudumu mzuri sana, anasimulia kwa utulivu, watoto walikaa chini. Hiyo ya Susi ilinyamazisha hata mwenye simu. Mama ndo aliuliza swali ambalo mimi nisingeuliza, akasema "huyo Susi kwao ni wapi?" Mhudumu akamwambia kwao ni huko Msumbiji, Shupanga, ukanda wa mto Zambezi. Mama akatikisa kichwa akasema na yeye alikuwa mbali na kwao basi. Masanamu ya kofia kitinda mimba hakulia, alienda kuyapa mkono, yasipomjibu akanuna.

Alafu hiki sasa. Tumetoka nje, mama anatembea pole pole na fimbo yake, anaenda mpaka chini ya mwembe, anasimama, anaangalia juu. Tukafikiri anaomba dua. Akapaza sauti kabisa: "Ujiji! Ujiji! Ujiji!" mara tatu, akamtaja yule mwalimu kwa jina, akasema njoo unichape tena. Kulikuwa na wageni wengine pale, wazungu wawili, hawakuelewa kitu wakapiga makofi. Wife alicheka akalia. Binti alikuwa anarekodi, kwa mara ya kwanza ile simu imefanya kazi ya maana.

Mwaloni tulikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kulikuwa na fundi anakalafati boti, sikujua hata neno hilo, mnalijua nyie. Anachukua pamba anaisokota kama utambi, anailaza kwenye mwanya wa mbao mbili, alafu anaishindilia na kitu kama patasi butu, wanakiita chembeu, nyundo tatu anasogea, nyundo tatu anasogea. Ule mlio unakaa kichwani. Dogo wa 9 akauliza maswali yake yote, kwanini pamba, kwanini sio gundi, pamba ikilowa si itaoza, fundi akajibu moja moja bila kuacha kugonga, akasema pamba ikilowa inavimba inaziba zaidi ndo maana. Mwishoni akampa nyundo agonge mara tano. Habari ya kuogelea ikafa hapohapo, sijaikumbusha (Jumapili tulienda Jakobsen kama ulivyosema Nahodha, visamaki kaviona, miwani kaipoteza).

Chakula Mama Pacha asante. Migebuka na ugali wa muhogo, mama na wajukuu meza moja, mimi na dereva meza nyingine tumepeana mgongo, kila mtu kala kwa amani yake. Mama aliomba aongezewe mchuzi wa mawese mara mbili, mara ya pili alimtuma mjukuu ili nisione. Niliona. Mdogo alilala saa saba kamili juu ya mkeka kwenye kivuli na tukaona tusimsumbue, tukakaa, mama akapata mwenzie wa kuongea naye, bibi mmoja anauza dagaa, kumbe aliwahi kuolewa Urambo, basi ikawa nyumbani. Dagaa wabichi hatukupata, mwezi ulikuwa umejaa, nilisahau kuangalia. Wakavu tumenunua.

Sasa makosa yangu. Mawese. Nilinunua lita tano, nikapewa dumu lenye kifuniko kilicholegea, nikajifanya najua, nikakaza na mfuko wa nailoni. Karibu na Mwanga kwenye tuta dumu likalala. Lita kama moja hivi ilimwagika kwenye kapeti la Noah na upindo wa kanga ya mama, ile nzuri. Kijana wa jirani hakusema neno ila alikuwa anapumua kwa pua. Nimelipia kuosha gari, rangi bado ipo. Kanga mama kasema iache, ataivaa hivyohivyo akirudi Tabora, wakimuuliza hilo doa ni nini apate pa kuanzia.

Stesheni na Liemba hatukufika. Tulivyotoka Ujiji jua lilikuwa linashukia milima ya Kongo, karibu saa moja kweli kama alivyosema Mjukuu, dereva akasimamisha gari bila kuambiwa.

Anaondoka Alhamisi. Leo wakati wa chai kauliza, eti mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi kwa sokwe, na wa sabini na mbili je?

---

Nahodha Mstaafu:

Yeye anaruhusiwa. Magoti ndo hayaruhusiwi.

---

Mama Pacha:

Nilisema kifuniko.